Miguu, maji au vyuma: anayeanza mazoezi Mombasa achague nini?

Shemeji yangu wa Kisauni ana miaka 46. Goti la kulia humkera akipanda ngazi, na mwezi uliopita kliniki walimpima wakamwambia presha imeanza kupanda: apunguze chumvi, afanye mazoezi. La chumvi alilielewa pale pale. La mazoezi akaja kuniuliza mimi. "Nianze na lipi, shem? Maana hawa wa kwenye simu wanaruka kama panzi, na mimi hata kuinama kufunga kiatu ni kazi."

Nilikuwa na jibu mdomoni, nikalimeza. Miaka mitatu nyuma nilijijibu swali hilo hilo vibaya, na malipo yake nikayatoa kwa muundi wa mguu. Safari hii nimeyaweka mezani yale ambayo mtu wa Mombasa anaweza kuyaanza kesho bila kuagiza kitu: kutembea, kukimbia, kuingia baharini, kwenda jimu, na kujifanyia nyumbani. Halafu nimeyapima kwa kipimo ambacho matangazo ya mazoezi hayakigusi kabisa.

Pumzi hutangulia

Ukianza mazoezi, kinachopata nafuu mwanzo ni pumzi. Wiki mbili tatu tu, ngazi zilizokuwa zikikuhemesha unazipanda huku unapiga soga. Moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na misuli nayo haichelewi. Kano na mifupa, hizo zina kalenda yake. Mfupa ukipewa kazi ngeni, kwanza huondoa sehemu zilizochakaa, ndipo hujenga mpya. Kuondoa huchukua wiki chache. Kujenga huchukua miezi. Kwa hivyo kuna kipindi ambapo pumzi inakwambia "ongeza, bado", na mfupa ni kama fundi aliyekwisha kubomoa ukuta na simiti haijafika.

Hapo ndipo waanzaji wengi huvunjika, wakiwa na nia nzuri na kifua kizima. Sasa swali langu kwa kila zoezi ni hili: pumzi na mifupa vinaachana umbali gani? Kuchoma mafuta, kukata tumbo, hayo tutayazungumza siku nyingine.

Kutembea na kukimbia

Tuanze na Mama Ngina, ile bustani ya ukingoni mwa bahari, kwa sababu wengi wetu huanzia pale. Tangu patengenezwe upya mwaka 2019 pana njia pana ya kupitia, taa, ngazi na mabenchi, na ile mibuyu mikongwe haikuguswa. Wazee bado wanapaita Lighthouse. Upande mmoja ni bahari na meli zinazoingia Kilindini, upande wa pili harufu ya mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, ambayo, niseme ukweli, imewashinda wengi kuliko uchovu.

Siku yangu ya kwanza nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikiwa na raba mpya. Nikakimbia tangu mwanzo wa njia hadi mwisho bila kusimama, nikageuka, nikarudi hivyo hivyo. Mzee mmoja aliyekuwa akitembea na bakora yake alinitazama nikipita mara ya pili, akaniuliza, "Mwanangu, unakimbizwa na nani?" Nikacheka, nikamwamkia, nikaendelea. Nikafanya hivyo siku nne mfululizo. Ya tano pumzi ilikuwa tamu kweli. Wiki ya tatu muundi wa kushoto ukaanza kuwaka, kwanza nikikimbia tu, baadaye hata nikitoka kitandani. Nikakaa wiki tano bila kufanya lolote. Yule mzee alikuwa bado anatembea.

Hesabu yake ni rahisi. Ukitembea, kila hatua mguu hupokea uzito wako na ziada kidogo. Ukikimbia, hupokea mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Mtu wa kilo 80 anaushushia mguu mmoja kilo 160 mpaka 240, na anafanya hivyo maelfu ya mara kabla jua halijapanda. Katika kutembea, pumzi na mifupa huenda bega kwa bega, na ndiyo sababu huwezi kujiumiza kirahisi. Katika kukimbia, pumzi huondoka mbio na kuiacha mifupa kituoni.

Lakini kutembea nako kuna ulaghai wake. Kutembea kwa kwenda sokoni, kusimama, kuamkia, kuchagua nyanya, ni kuzuri kwa roho ila moyo hauambiwi chochote. Mwendo unaohesabika ni ule ambao unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Jaribu ubeti mmoja wa taarabu: ukiutoa wote bila kukata, kaza mwendo, ukishindwa hata kumjibu mtu salamu, punguza. Hakuna haja ya saa ya mkononi. Wala usitishwe na zile hatua elfu kumi za kwenye simu. Namba hiyo ilitokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, jina lake likimaanisha "kipimo cha hatua elfu kumi". Ilikuwa biashara, haikuwa agizo la daktari.

Linalopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, ni dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au nusu yake kama ni kazi ngumu ya kuhemesha, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Zamani walisema kila kipande kisipungue dakika kumi. Sharti hilo sasa limeondolewa, hata dakika tano ni zako. Ukiweza dakika kumi tu leo, anza na kumi, siku tano za wiki. Wiki inayofuata kumi na tano. Ukiongeza tano kila wiki, wiki ya tano uko kwenye thelathini kwa siku, na hizo ndizo 150.

Anayetaka kukimbia simkatazi. Namwambia achanganye. Kuna mpango maarufu wa wiki 9, siku tatu kwa wiki, ambao Waingereza wengi wameupitia: wiki ya kwanza unatembea dakika tano, kisha unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, ukirudia hivyo kwa dakika 20. Mimi niliporudi niliacha sekunde nikahesabu mibuyu. Mbuyu mmoja kwa kukimbia, miwili kwa kutembea. Mibuyu haikupangwa kwa rula, kwa hivyo kuna vipande vinakuonea na vingine vinakuhurumia, na hilo ndilo lililonifanya nisichoke akilini. Nilikaa kwenye "mmoja kwa miwili" kwa wiki nne, ingawa kifua kilikuwa kinadai zaidi tangu ya pili. Na siku ya kupumzika katikati haikuguswa. Mpango wenyewe nausifu, ila una mruko mmoja mkali: mwisho wa wiki ya tano unatakiwa ukimbie dakika 20 bila kusimama. Mwenye miaka 20 ataupita. Mwenye 45 na kilo za ziada arudie wiki ya nne na ya tano mara mbili, wala hakuna atakayemwandikia barua.

Suala la joto haliwezi kurukwa hapa. Wenzetu wa Iten wanakimbilia kwenye baridi ya milimani. Sisi tunakimbilia ndani ya sufuria yenye kifuniko. Jasho hupooza mwili pale linapokauka, na hewa ya Mombasa wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, imejaa unyevu kiasi kwamba jasho linadondoka tu bila kufanya kazi yake. Mwili huzoea joto kwa siku kumi hadi kumi na nne hivi, ukipewa kidogo kidogo. Kwa hivyo anayeanza Januari aanze na nusu ya kile angeanza nacho Julai, wakati wa kusi, na atoke baada ya sala ya alfajiri au jioni jua likishalegea. Saa tisa alasiri barabarani ni kujitafutia kisunzi.

Baina ya kutembea na kukimbia, kama hujafanya lolote kwa miaka miwili au umepita 40, anza na kutembea angalau wiki sita. Kama ni kijana mwepesi na huna goti bovu, mchanganyiko wa mibuyu utakufaa tangu siku ya kwanza.

Ufuoni: mchanga mkavu, mchanga mbichi, na maji yenyewe

Watu husema "nenda ukakimbie ufuoni, mchanga ni laini, hauumizi." Nusu ya maneno hayo ni kweli. Mchanga mkavu wa juu ni laini, ndiyo, lakini kutembea humo hula nguvu karibu mara mbili au zaidi ya barabarani, na kisigino kinapozama kila hatua, ile kano kubwa ya nyuma ya mguu huvutwa kuliko ilivyozoea. Mgeni wa mazoezi akikimbia kwenye ufuo wa Pirates peku peku kwa nusu saa siku ya kwanza, kesho yake atashuka kitandani kama anayekanyaga makaa. Mchanga mbichi ulioachwa na maji ni mgumu na mzuri. Ila unainama kuelekea baharini, mguu mmoja unakuwa chini kuliko mwenzake. Enda na urudi njia ile ile ili kila mguu uonje zamu yake.

Na mchanga huo mbichi haupo kila saa. Hapa mtu wa bara huwa hana habari. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Siku hizo kwetu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Kisha kila siku husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wiki moja baadaye ni maji mafu, na saa zimegeuka: yanapwa alfajiri na jioni, ingawa hayaendi mbali. Maana yake, mfanyakazi anayetoka kazini na kufika ufuoni saa kumi na moja jioni, siku za bamvua atakuta bahari iko mlangoni mwa watu na kipande cha kukimbilia hakipo. Kwa sababu hiyo ufuo ni mwalimu mbaya kwa mtu anayehitaji saa ile ile kila siku ili asiache.

Maji yenyewe ni habari nyingine, na mimi naona ndiyo hazina tunayoipita kila Jumapili tukienda kununua madafu. Simaanishi kuogelea, wengi wetu, tuliozaliwa umbali wa jiwe kutoka baharini, hatujui kuogelea. Namaanisha kutembea ndani ya maji. Ukisimama maji yakifika kiunoni, nusu hivi ya uzito wako imebebwa. Yakifika kifuani, miguu imebakiwa na kama thuluthi. Goti linapumua. Wakati huo huo maji yanakusukuma nyuma kila unapopeleka mguu mbele, kwa hivyo moyo unafanya kazi ya haki. Na ukizidisha kasi, maji yanazidisha upinzani yenyewe, hakuna wa kukupigia kelele uongeze. Katika kipimo changu cha pumzi na mifupa, hapa pengo ni dogo kuliko kote kwa mtu mzito au mwenye goti.

Kasoro zake nimeziona kwa macho. Chini kuna mawe na wale viumbe wa miiba mirefu myeusi. Vaa viatu vya plastiki vya kufunga, usiingie peku. Usiende peke yako. Baki upande wa huku wa mwamba unaovunja mawimbi, maji yasipite kifua, na siku za bamvua, yanapoanza kutoka kwa kasi, usisogelee mlango wa mwamba, pale yanapopenya kwenda bahari kuu. Kwa akina mama: dera likilowa lina uzito wa jerikeni na linafunga miguu kama kamba. Suruali ya kubana na fulana ndefu juu yake inasitiri na inaacha miguu iende. Alfajiri ufuo una watu wachache, na hilo nalo ni stara.

Neno moja tu kwa mifupa: kwa kuwa maji yanaibebea mzigo, hayaifundishi kubeba. Ndiyo maana anayetembea majini bado anahitaji kitu kigumu kidogo mara mbili kwa wiki. Hicho ndicho kinachofuata.

Jimu au jerikeni

Jimu moja ya mjini, jina lake nalihifadhi, nililipa miezi mitatu mbele kwa sababu ya punguzo. Siku ya pili kijana wa pale alinichuchumaza na kuniinua mara mia, huku akinipigia makofi. Maumivu ya misuli hayaji siku ile. Hufika kileleni siku ya pili au ya tatu. Nilishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume, nimeshika ukuta, mwanangu akinicheka. Kati ya miezi ile mitatu nilihudhuria siku tisa. Fanya hesabu ya kila siku ilinigharimu ngapi. Mimi niliifanya mara moja nikaacha.

Hata hivyo jimu ina faida moja ambayo barabara haina: chuma kina namba. Leo kilo 5, baada ya wiki mbili kilo 7 na nusu. Huwezi kujidanganya kwa pumzi, namba iko pale. Nyingine zina saa za wanawake pekee, feni, na mtu wa kukurekebisha mgongo, na kwa dada ambaye barabarani hapati raha ya kutazamwa, hilo tu linatosha kuwa sababu. Ukienda, lipa siku moja moja kwanza, au mwezi mmoja. Mwambie mwalimu una presha, kama unayo, na usizuie pumzi unaponyanyua. Kuzuia pumzi hupandisha presha ghafla. Toa pumzi unapoinua.

Asiye na pesa hiyo ana jerikeni. Sifanyi mzaha. Lita moja ya maji ni kilo moja, na sijui chuma kinachoongezeka polepole namna hiyo. Chukua galoni mbili za mafuta ya kupikia za lita 5, tia lita 2 kila moja, funika. Shika moja kila mkono, keti kwenye kiti kigumu, inuka, keti. Mara nane. Pumzika dakika mbili, rudia mara mbili zaidi. Kama hata galoni ni nzito, anza bila kitu. Kisha pushapu za ukutani, mara nane, mara tatu. Ukiona mara kumi na mbili zinakwenda bila kukunja uso, ongeza kikombe cha nusu lita kwenye kila galoni, na kutoka ukutani hamia ukingo wa meza. Sakafuni utafika baada ya miezi, na hakuna haraka. Wiki za mwanzo utashangaa nguvu zinapanda wakati mkono haujanenepa: ni neva zinajifunza kuiamuru misuli iliyokuwa imelala. Misuli ya paja ikikaza, goti nalo hupata msaidizi.

Kwa anayeanza, mimi napendelea jerikeni kuliko jimu, isipokuwa kwa mtu mmoja: yule ambaye nyumbani hapati dakika ishirini bila kuitwa. Huyo jimu anailipia kimya, na si ghali.

Baiskeli, mpira wa Jumapili, na Ramadhani

Baiskeli ni nzuri kwa goti na mbaya kwa roho. Ukiniambia nikatishe na tuktuk mbili na boda moja Kongowea saa mbili asubuhi, nitakwambia nitembee. Mpira wa ufuoni Jumapili ndio njia fupi ya kufika kwa mganga wa mifupa kwa baba wa miaka 40: wiki nzima amekaa, kisha dakika tisini za kuchomoka na kusimama ghafla. Acheze akishakimbia mibuyu miezi mitatu.

Ramadhani usiongeze kitu. Matembezi ya nusu saa kabla ya futari, au baada ya tarawehe, na galoni mara mbili kwa wiki, vinatosha kulinda ulichojenga. Mwenye sukari au presha anayetumia dawa aongee na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, na dawa asiziache kwa sababu ameanza mazoezi. Na maumivu ya kifua, au kisunzi cha kuangusha, ni ya kwenda hospitali siku ile ile, mwezi wowote.

Nilimpelekea shemeji yote haya kwa mdomo, jioni, mezani kwake. Kukimbia alikufuta kabla sijamaliza sentensi. Jimu aliuliza bei, akanyamaza. Akachagua maji siku tatu, yeye na jirani yake, na galoni siku mbili. Zile siku ambazo maji hayakubali, anatembea barabarani mpaka sokoni na kurudi bila kusimama kuchagua nyanya. Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Goti bado linamkera kwenye ngazi, ila sasa, anasema, ni ghorofa ya tatu si ya kwanza. Jana usiku kanitumia ujumbe mmoja tu: "Shem, kesho yapwa saa ngapi?"